Kabla ya Kuomba Diski Nyingine, Fungua Uone Zilizopo Zimejaa Nini

Hotuba hii niliitoa jijini Nairobi mbele ya mafundi wa mifumo ya kompyuta, wengi wao kutoka ofisi za wastani: vyama vya akiba na mikopo, vyuo, hospitali, kampuni za bima. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Wakubwa wangu shikamooni, na mafundi wenzangu habari za asubuhi.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa fundi wa seva katika kampuni moja ya bima, kule Upper Hill. Jumatatu moja, saa mbili na dakika kumi asubuhi, simu ya mezani ikalia. Alikuwa dada wa kitengo cha madai, ghorofa ya tatu. Akaniambia, "Kaka, mashine imeganda, na nina mzee hapa mbele yangu." Nikateremka. Mzee alikuwa amekaa na bahasha ya kaki mapajani, imejaa risiti za hospitali zilizofungwa kwa mpira. Alikuwa ametoka Machakos na matatu ya alfajiri. Kwenye skrini, vile vidoti vya Windows vilikuwa vinazunguka. Vilizunguka kwa dakika kumi na nne. Mzee hakulalamika hata neno moja. Kila baada ya muda alifungua bahasha, akazihesabu risiti zake, akaifunga tena.

Nilikimbilia mtandao kwanza, kama sote tufanyavyo. Swichi zilikuwa salama. Nikaenda kwenye seva: prosesa zimetulia, RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, ipo ya kutosha. Kilichozidiwa ni diski. Tulikuwa tumeziondoa kompyuta za wafanyakazi 200 mezani kwao, tukazigeuza kuwa kompyuta pepe zinazoishi ndani ya seva chache katika chumba kimoja, na kila mfanyakazi akabaki na kisanduku kidogo, skrini na kibodi. Tuliwaza sana juu ya prosesa. Tuliwaza sana juu ya RAM. Jambo ambalo hatukulikalia chini ni hili: kila kompyuta ya zamani, hata ile duni kabisa, ilikuwa na diski yake yenyewe. Tuliziondoa diski 200, na mahali pake tukaweka kabati moja lenye diski 24.

Nawaomba mnivumilie kwa hesabu kidogo, kwa sababu hesabu hii ningeijua mapema, yule mzee asingekaa pale.

Hifadhi ina mambo mawili, na kila moja lina njaa yake: nafasi na kasi. Nafasi ni gigabaiti ngapi zinaingia. Kasi ni maombi mangapi ya kusoma na kuandika ambayo diski inayatimiza kwa sekunde moja. Mkurugenzi wako anaelewa nafasi, kwa sababu hata simu yake humwambia imejaa. Kasi haimwambii mtu kitu; watu wanaona tu kwamba kompyuta ni nzito, wanazoea, wanakwenda kunywa chai.

Fikiria lifti ya jengo refu saa mbili asubuhi. Ukumbi wa chini umejaa watu, na lifti ina nafasi ya watu kumi. Ukilipanua jengo kwa kuongeza vyumba, foleni ya lifti haipungui hata kwa mtu mmoja. Diski ya kuzunguka ni lifti hasa, maana ina mkono unaokwenda na kurudi kutafuta data. Ile inayozunguka mara 7,200 kwa dakika hutimiza maombi kama 75 hadi 100 kwa sekunde. Ile ghali ya seva, inayozunguka mara 15,000, hufika kama 180.

Sasa tuchukue kompyuta pepe 200, na tukadirie kila moja inaomba mara 15 kwa sekunde mtu akiwa kazini. Hayo ni maombi 3,000. Kwa kompyuta pepe zilizokwisha kuwaka, sehemu kubwa ya maombi ni ya kuandika. Wengi hupanga kwa nane kwa kila kumi. Kwa hiyo una maandiko 2,400 na masomo 600. Hapa ndipo wengi tuliteleza. Ukiwa umepanga diski zako kwa RAID 5, mpango wa kuunganisha diski nyingi ili moja ikifa data isipotee, kila andiko moja hugeuka kazi nne: kusoma data ya zamani, kusoma hesabu yake ya ulinzi, kuandika data mpya, kuandika hesabu mpya. 2,400 mara nne, ongeza 600, unapata 10,200. Gawa kwa 180: unahitaji diski 57. Sisi tulikuwa na 24. Kwa RAID 10, mpango unaoandika kila kitu kwenye diski mbili, andiko moja ni kazi mbili tu, nawe unapata 5,400, yaani diski 30. Watumiaji ni wale wale na programu ni zile zile. Tofauti ya diski 27 imetokana na chaguo moja tulilobonyeza siku ya kufunga kabati, tukifurahi kwamba RAID 5 imetuachia nafasi kubwa zaidi.

Hapo sijaitaja asubuhi ya Jumatatu. Kuwaka kwa Windows ni kusoma kwingi mfululizo, na watu 200 wakibonyeza ndani ya robo saa, foleni ya lifti inatoka mpaka barabarani. Dawa yake ni nyepesi kuliko tulivyodhani. Ratibu mfumo uziwashe kompyuta kwa makundi kuanzia saa kumi na moja alfajiri, kabla mtu hajafika. Iweke nakala mama, nitaieleza sasa hivi, kwenye SSD, yaani diski ya chipu isiyozunguka, au kwenye akiba ya RAM ya seva, kwa sababu wote wanasoma vitu vile vile. Na mtu wa antivirusi, nawasihi sana, asiache ukaguzi wa diski nzima uanze kwa kompyuta zote saa saba mchana. Tulikuwa na hali hiyo kwa miezi. Watu walidhani ni mtandao wa mchana. Kumbukeni pia umeme: ukikatika mpaka betri zikaisha, unaporudi kila kitu huamka kwa pamoja. Panga foleni ya kuamka leo, wakati taa zinawaka.

Mtasema, hayo ni ya zamani, leo kuna SSD. Ni kweli, na nashukuru. SSD moja ya seva hutimiza makumi ya maelfu ya maombi kwa sekunde; ile hesabu ya diski 57 inakufa pale pale. Lakini gigabaiti ya SSD bado ni ghali kuliko ya diski ya kuzunguka, na seli zake huchakaa kwa kuandikwa. Kompyuta pepe huandika kutwa kucha. Kwa hiyo njaa ya kasi imeshiba, ile ya nafasi imekuwa ghali zaidi, na habari yangu ya leo hasa ni hiyo ya pili.

Baada ya Jumatatu ile tuliomba pesa. Tukapewa kabati la pili. Lilijaa kabla mwaka haujaisha. Nilipokwenda kuomba la tatu, mkuu wa fedha, mama mpole sana, aliniuliza swali moja: "Limejaa nini?" Sikuwa na jibu. Nilijua asilimia ngapi limejaa, nilijua litajaa kabisa tarehe ngapi, lakini nini hasa kilichomo sikujua. Aliniambia nirudi nikijua. Nilikaa ofisini Jumamosi na Jumapili nikifungua folda moja baada ya nyingine, na wikendi ile imenifunza kuliko kozi zote nilizolipiwa.

Kitu cha kwanza nilichokikuta ni kitu kimoja mara 200. Windows, Office, programu ya bima, kisomaji cha PDF: tuseme gigabaiti 40. Kila kompyuta pepe ilikuwa nakala kamili, kwa hiyo gigabaiti 40 mara 200, terabaiti 8 za kitu kile kile. Kila mmoja wetu hapa aliyesoma shule ya umma anajua suluhisho lake. Kitabu cha kiada kilikuwa kimoja kwenye dawati, tukakisoma wanne, lakini kila mtoto alikuwa na daftari lake. Kitabu huandikwi ndani. Unachoandika kinakwenda daftarini mwako.

Kompyuta pepe hufanya hivyo hivyo. Unatengeneza nakala mama moja, unaifunga isiandikwe. Kila kompyuta ni mtoto wa nakala hiyo: inasoma kwa mama, na chochote inachobadilisha inakiandika kwenye faili yake ndogo ya tofauti. VMware, kampuni ya programu za kompyuta pepe, ilileta njia hiyo kwa kompyuta pepe za wafanyakazi mwaka 2008, na mwaka 2016 ikaleta nyingine ambayo mtoto huzaliwa ndani ya sekunde chache kutoka kwa mama aliye tayari amewaka kwenye RAM, kisha hufutwa mtu akitoka. Kitengo cha VMware kilichotengeneza njia hizo leo kinajitegemea kwa jina la Omnissa. Citrix, washindani wao, wana yao, na hata Proxmox, ambayo najua wengi wenu mmeihamia kwa sababu ya bei, inazaa watoto kutoka kwa kiolezo. Daftari likiwa na gigabaiti 4, watoto 200 ni gigabaiti 800, ongeza 40 za mama. Kutoka terabaiti 8 hadi chini ya moja.

Tatizo la daftari ni kwamba linajaa. Mama akisasishwa mara moja, ni mara moja. Lakini Windows ya mtoto ikiachwa ijisasishe yenyewe, kila mmoja wa wale 200 ataandika sasisho lile lile kwenye daftari lake, na umerudi ulikotoka. Ndiyo maana ndani ya nakala mama lazima uzime masasisho ya kujiendesha, upangaji upya wa diski wa kila wiki, nakala za kurejeshea mfumo na uorodheshaji wa faili usio na kazi. Antivirusi ielekeze ichukue orodha zake mahali pamoja. Na kabla hujaifunga mama, isafishe: Windows huweka vipande vya masasisho ya zamani kwenye folda ya WinSxS, na amri ya DISM, chombo cha Windows chenyewe, huviondoa. Ukitumia ile ya kusafisha kabisa, masasisho yaliyomo hayataondoleka tena, kwa hiyo yajaribu kwanza. Dakika ishirini unazokaa na mama, watoto wote 200 wanazirithi.

Na daftari likijaa, unampa mtoto jipya. Yaani unairudisha kompyuta kama mama alivyo, kila mtu anapotoka au kila mwisho wa wiki. Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu hapa niliumiza mtu.

Tuliamua kila Ijumaa usiku kompyuta zote zirudishwe. Tulituma barua pepe mbili za kutangaza. Jumatatu kijana mmoja wa hesabu alikuja chumbani kwetu, amesimama mlangoni, haingii. Alikuwa na faili ya Excel ya miezi mitatu ya kulinganisha malipo na taarifa za benki. Aliihifadhi kwenye diski C, ndani ya folda aliyoiunda mwenyewe, kwa sababu siku moja mtandao ulikuwa mzito na pale palikuwa haraka. Sisi tulikuwa tunahifadhi Hati na Eneokazi kwenye seva ya faili. Folda yake haikuwa katika hizo. Ilikwenda na daftari. Aliirudia kazi ile kwa wiki mbili, akibaki mpaka saa mbili usiku. Barua pepe zangu mbili hazikuwa ulinzi wowote. Ulinzi ungekuwa kumzuia asiweze kuandika kwenye C tangu siku ya kwanza, na kupita kila kompyuta kuona kuna nini kabla ya kurudisha mara ya kwanza. Tafadhali fanyeni hivyo. Kazi ya mtu si takataka ya mfumo.

Kwa hiyo vitu vya mtu vinakwenda kuishi peke yake, nje ya kompyuta. Siku hizi wengi wanatumia FSLogix, ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2018: profaili nzima ya mtu, yaani mipangilio na faili zake, inakaa ndani ya faili moja ya diski kwenye seva ya faili, na inaunganishwa popote anapoingia. Ni njia nzuri, naitumia. Lakini ndiyo inayoongoza leo kwa kula nafasi, na inakula kimya. Kila profaili huruhusiwa gigabaiti 30 usipobadilisha chochote. Haizichukui zote mara moja; inakua kadiri mtu anavyoandika. Shida ni kwamba mtu akifuta, faili ya nje hubaki na unene wake. Nimeona profaili yenye gigabaiti 22 ambayo ukiifungua ndani mna gigabaiti 6. Tangu toleo la mwaka 2022, FSLogix hujaribu kuibana mtu anapotoka. Kama bado mnatumia la kabla ya hapo, pandisheni toleo. Hakuna kazi ya wiki hii itakayowarudishia nafasi nyingi kwa jasho dogo hivyo.

Halafu angalieni ndani. Outlook hujiwekea nakala ya barua pepe za mtu, na faili yake inaruhusiwa kufika gigabaiti 50, zaidi ya profaili yenyewe. Ipunguzeni ibaki na barua za miezi mitatu. Za zamani zipo kwenye seva na mtu akizitafuta atazipata. OneDrive, hifadhi ya Microsoft ya mtandaoni, iwekwe ili faili zibaki kwenye wingu mpaka zifunguliwe. Vivinjari na Teams vina akiba zao za muda ambazo hazina haja ya kuhama na mtu. Waulizeni watu, lakini. Dada wa madai alikuwa anahitaji barua za miaka miwili ziwe karibu, kwa sababu kesi za bima hazikai miezi mitatu. Tulimwachia. Kanuni ya kuokoa nafasi isiyompa mtu kama yule nafasi ya kusema hapana itamrudisha mzee mwingine kwenye kiti.

Sasa nakuja kwenye kitu kilichonishangaza kuliko vyote Jumapili ile. Kufikia siku hiyo tulikuwa tumekwisha kuanza kuzaa watoto kwenye seva mbili, na niliona jumla haikubali. Watoto walikuwa wadogo, lakini kabati limejaa. Nikapanga faili kwa ukubwa. Juu kabisa, mstari baada ya mstari, zilikuwa faili zenye ukubwa ule ule: gigabaiti 8, gigabaiti 8, gigabaiti 8. VMware huweka kwa kila kompyuta inayowaka faili ya kubadilishana kumbukumbu, ya kutumika RAM ya seva ikiisha, yenye ukubwa sawa na RAM uliyoipa kompyuta hiyo bila kuiwekea akiba ya lazima. Kompyuta 200 zenye RAM ya gigabaiti 8 ni gigabaiti 1,600. Maradufu ya watoto wote kwa pamoja! Na karibu zote hazikuwa zimeguswa hata baiti moja. Ukiiwekea kompyuta akiba ya RAM yote, faili ile hushuka kuwa sifuri. Sharti lake ni kwamba RAM iwepo kweli kwenye seva, maana ukishaahidi huwezi kuigawa mara mbili. Sisi tulikuwa nayo. Nilibadilisha chaguo moja kwenye nakala mama, kompyuta zikawashwa upya kwa zamu, na jioni kabati lilikuwa limepumua.

Vingine nitavipita haraka. Snapshoti, yaani picha ya hali ya kompyuta, ambayo mtu aliichukua kabla ya sasisho akaisahau: huendelea kunenepa kila siku, na kadiri inavyokaa ndivyo kuiunganisha kunavyotesa diski. Nakala mama za zamani ambazo hakuna mtoto anayezitegemea tena. Kompyuta za majaribio zilizozimwa. Na profaili za watu walioondoka.

Hizo za mwisho si suala la nafasi pekee. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inatutaka tusikae na taarifa za mtu kupita muda zinapohitajika. Profaili ya mfanyakazi aliyeacha kazi miaka mitatu iliyopita ina barua zake, pengine nakala ya kitambulisho chake, pengine risiti za wagonjwa aliowahudumia. Kaeni na watu wa rasilimali watu na mwanasheria wenu, mkubaliane siku ngapi, muiandike, kisha muifuate. Msifute kwa hasira ya diski kujaa, na msiache kwa uvivu.

Kuna swali naulizwa kila mara: kugawa nafasi kwa ahadi ni vizuri au ni vibaya? Namaanisha ile ambayo unaiambia kompyuta ina gigabaiti 100, huku kabati linaipa kadiri inavyoandika tu. Mimi naitumia, na nawaambia muiogope kama wakala wa M-Pesa anavyoiogopa droo yake. Wakala wa Kawangware ana mamia ya wateja wenye pesa kwenye simu. Droo yake haina pesa za wote, wala haitakiwi kuwa nazo. Anajua wote hawaji siku moja. Lakini anaijua pia wiki ya Krismasi, watu wanapotoa pesa za kwenda mashambani, na anajiandaa mapema. Droo ikiisha, anaweza kumwambia mteja ajaribu duka la pili. Diski haina duka la pili. Kabati la ahadi likijaa, kompyuta pepe zinazotaka kuandika husimama pale pale, zote, pamoja na zile ambazo hazikuwa na kosa. Kwa hiyo ukigawa kwa ahadi, weka kengele. VMware yenyewe huonya ikifika asilimia 75 na kupiga kelele ikifika 85. Msiizime kwa sababu inasumbua. Na jueni kwamba kufuta faili ndani ya Windows hakumaanishi kabati limeambiwa. Lazima taarifa ishuke mpaka chini. Tangu vSphere 6.5, mfumo wa seva wa VMware, hushuka yenyewe kwenye hifadhi zilizopangwa kwa VMFS 6, mpango mpya wa VMware wa kuweka faili. Za mpango wa zamani zinabaki zimeshikilia nafasi ya vitu vilivyokwisha kufa mpaka utoe amri mwenyewe.

Muuzaji atawaambia kabati lake linaondoa marudio, yaani likiona kipande kile kile mara ya pili haliandiki tena. Hilo lipo kweli, hata Windows Server imelifanya kwa faili za kompyuta pepe tangu 2012 R2. Linafaa sana kwa nakala kamili. Lakini kama mmeshaanza kuzaa watoto kwa mama mmoja, marudio mengi mmeyaondoa wenyewe, na ile "mara kumi" iliyoko kwenye karatasi yake hamtaiona. Na data iliyofungwa kwa siri ndani ya kompyuta haina marudio ya kuonekana. Mwambieni aipime kwa data yenu.

Kuhusu wingu, yaani seva za kukodi mtandaoni, neno moja. Microsoft ilifungua vituo vya data Afrika Kusini mwaka 2019, na baadhi yenu mmeanza kukodi kompyuta pepe huko. Watu wanazima kompyuta usiku wakidhani wameacha kulipa. Prosesa mtaacha kulipia, tena mkiizima kupitia mfumo wa wingu na si ndani ya Windows tu. Diski inaendelea kutozwa, na inatozwa kwa ukubwa mlioukodi, si kwa mlichoandika. Bei yake inafuata dola. Yote niliyosema kuhusu mama na daftari yana uzito zaidi kule, kwa sababu kule kila gigabaiti iliyosahaulika inaleta ankara mwisho wa mwezi.

Nilirudi kwa mkuu wa fedha Jumatano ile na karatasi moja. Nilikuwa nimeandika kilichomo kwenye makabati mawili, kila kitu na gigabaiti zake, na mbele yake jina la anayekihitaji. Palipokuwa hapana jina, niliandika "hakuna". Aliisoma kwa utulivu, akaweka kidole kwenye zile "hakuna" moja baada ya nyingine. Kabati la tatu halikununuliwa. Pesa zake tuliziomba baadaye kwa ajili ya SSD chache za kuweka nakala mama, na zilitoka bila mabishano kwa sababu safari ile tulijua tunanunulia nini.

Nilipomaliza, swali la kwanza lilitoka kwa kijana wa chuo kimoja. Ana seva moja na kompyuta pepe 20 za maabara, akauliza aanze wapi. Nilimwambia asinunue na asifute chochote kwanza. Aache kipimo kikimbie: kila kompyuta inaomba mara ngapi kwa sekunde, kusoma ngapi, kuandika ngapi, na daftari lake linanenepa kiasi gani kwa siku. Nikamshauri apime Jumatatu na mwisho wa mwezi. Akasema kwao mwisho wa mwezi ni siku ya kawaida. Mzigo huja wiki ya kusajili wanafunzi, foleni ikizunguka maabara mara mbili. Basi pima wiki hiyo, nikamwambia, na uanze saa moja kabla ya mlango kufunguliwa.